Oili ya 5W-40 kwenye Forester yenye turbo: uzoefu wangu kati ya Mbeya na Kyela

Ukizungumzia oili ya gari la turbo, yaani lenye kifaa kinachoshindilia hewa ya ziada ndani ya injini, kwa maeneo ya joto, wengi watafikiria Dar es Salaam, Tanga au Dodoma, na si Mbeya, mji ambao asubuhi za Juni na Julai baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10 na watu wakaenda kazini wakiwa na makoti. Gari langu, hata hivyo, haliishi katika hali ya hewa moja. Kazi yangu hunipeleka Kyela mara kwa mara, na barabara hiyo inaanzia mjini kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, inapanda safu ya Uporoto hadi zaidi ya mita 2,000, kisha inateremka kupitia Tukuyu mpaka tambarare ya Ziwa Nyasa yenye takribani mita 500 tu, ambako mwezi wa Oktoba au Novemba hata kivuli cha mwembe hakikuokoi. Wakati wa kurudi, gari huwa na magunia ya mchele nyuma na mlima wote uko mbele yake. Oili inayofaa kwa gari hilo lazima iwe nyepesi vya kutosha asubuhi ya Mbeya, na ibaki nene vya kutosha jioni linapopanda kutoka Kyela.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya umbo la SH5, injini ya EJ20 ya lita 2.0 yenye turbo, iliyoagizwa Japani ikiwa imetumika. Kitabu chake ni cha Kijapani, kwa hiyo hakikunisaidia sana, lakini kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na kibandiko kidogo cha gereji ya huko kikionyesha kilomita za mara ya mwisho kubadilisha oili, mwaka 27 wa enzi ya Heisei, ambao ni 2015, na aina ya oili, 5W-30. Kibandiko hicho kilimtaka mwenye gari abadilishe tena baada ya kilomita 5,000. Nilikihifadhi kwa kuwa ndicho ushahidi pekee niliokuwa nao wa jinsi injini hii ilivyotunzwa kabla haijafika kwangu.

Nilipokwenda kununua oili kwa mara ya kwanza, muuzaji wa duka la vipuri maeneo ya Mwanjelwa alinisogezea kopo la 20W-50 kabla sijamaliza kueleza. "Mama, kwa joto la Kyela na mlima ule, chukua nzito. Hiyo ya 5W ni maji, itakumalizia injini," aliniambia, na alisema kwa nia njema, maana ushauri huo ndio unaotolewa karibu kila gereji ya nyanda za juu. Nilimshukuru na nikaomba anionyeshe makopo mengine, kwa sababu tayari nilikuwa nimesoma kuhusu maana ya namba hizo na sikuona kwa nini injini ya turbo ya Kijapani ilishwe oili ya matrekta.

Namba ya kwanza, ile yenye herufi W, inaeleza tabia ya oili injini ikiwa baridi, na namba ya pili inaeleza unene wake ikiwa imefika nyuzi 100, yaani ikiwa kazini. Kwa hiyo 5W-40 si maji hata kidogo. Ikiwa ya moto ni nene kuliko 5W-30, na inazidiwa na 20W-50 kwa hatua moja tu. Tofauti kubwa iko kwenye ubaridi. Karatasi za vipimo za watengenezaji zinaonyesha kwamba katika nyuzi 40 oili nyingi za 20W-50 zina unene unaokaribia mara mbili ya zile za 5W-40, na kadiri joto linavyoshuka ndivyo pengo hilo linavyopanuka. Katika asubuhi ya nyuzi 8 pale Uyole, pampu inalazimika kuisukuma oili hiyo nzito kupitia mirija myembamba mpaka ifike kwenye turbo, na sekunde zinazopotea hapo ndizo zinazokula vyuma.

Turbo si kifaa cha kuvumilia kiu. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika gari linapopewa kazi, na haukai juu ya beringi za gololi kama gurudumu. Kwenye turbo za aina ya gari langu, mhimili huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Upande mmoja wa mhimili huo unapokea moshi wa injini ya petroli ambao joto lake huweza kupita nyuzi 800, ilhali upande wa pili unavuta hewa ya kawaida. Oili inayopita katikati ina kazi mbili kwa pamoja, kulainisha na kuondoa joto, na hiyo kazi ya pili ndiyo watu wengi huisahau. Ukizima gari ghafla baada ya kupanda mlima, pampu ya oili inasimama lakini joto la turbo halisimami, na oili iliyobaki ndani ya nyumba ya beringi huungua na kugeuka masizi magumu. Oili dhaifu huungua mapema zaidi. Masizi hayo yakikatika husafiri ndani ya mfumo, na katika injini nyingi za EJ zenye turbo yanakutana na kichujio kidogo cha wavu kilichofichwa ndani ya bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Fundi wangu alipokifungua alinionyesha kwa ncha ya bisibisi: wavu mdogo kama kofia ya kalamu, theluthi yake ikiwa imezibwa na uchafu mweusi unaong'aa kama lami. Sehemu ndogo kiasi hicho ikiziba, turbo hufa hata kama injini imejaa oili mpya hadi alama ya juu.

Kuna jambo jingine la nyanda za juu ambalo sijawahi kulisikia likisemwa gereji. Kwa mwinuko wa Mbeya, shinikizo la hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 18 kuliko la pwani. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu na kuishia hapo, lakini gari lenye turbo hujaribu kufidia upungufu huo, na ili lifikie shinikizo lililokusudiwa ni lazima turbo izunguke kwa kasi zaidi. Maana yake ni kwamba ubaridi wetu unadanganya. Dereva anahisi hewa safi ya Isyonje dirishani na kudhani gari halina joto, wakati turbo inafanya kazi ngumu kuliko ambayo ingefanya kwenye barabara tambarare ya Bagamoyo.

Kwa sababu hizo nilichagua Total Quartz 9000 ya 5W-40, ambayo ni oili ya sintetiki. Sikuichagua kwa jina; niligeuza kopo na kusoma nyuma, kwa kuwa huko ndiko viwango vinakoandikwa. Nilitafuta mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) cha injini za petroli, ambacho huanza na herufi S. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya: SL ni cha mwaka 2001, SN ni cha mwaka 2010, na SP ni cha mwaka 2020. Bado madukani kuna oili za SF na SG, viwango vya injini za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bei yake nafuu inavutia, lakini hazikubuniwa kwa ajili ya injini kama hii. La pili, ambalo kwangu lilikuwa na uzito zaidi, ni maandishi ya ACEA A3/B4. Kiwango hicho cha Ulaya kinataka oili ibaki na unene usiopungua 3.5 (kwa kipimo cha mPa·s) inapopimwa kwenye nyuzi 150 huku ikisuguliwa kwa kasi, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi za turbo, ilhali oili ya kawaida yenye namba 30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. Zipo 5W-30 zinazotimiza A3/B4, kwa hiyo namba ya mbele ya kopo peke yake haitoshi kukuamulia.

Baada ya kuitumia oili hii kwa muda unaotosha kubadilisha misimu yote, naweza kusema ninachokiona. Mlio wa vyuma uliokuwa ukisikika sekunde chache kila nilipowasha gari asubuhi haupo tena, na hili ndilo badiliko lililo wazi kuliko yote. Unywaji wa oili umepungua lakini haujaisha. Injini hizi za pistoni zilizolala zina sifa ya kula oili, na yangu bado inahitaji kuongezwa karibu nusu lita kabla ya muda wa kubadilisha kufika. Nikipanda kutoka Kiwira na mzigo, mshale wa joto hautikisiki, ingawa hapo sifa nyingi ni za rejeta nzima na feni, si za oili. Kuhusu kupungua kwa matumizi ya petroli, jambo ambalo matangazo hupenda kulitaja, sijaona tofauti yoyote ambayo ningeweza kuiapia.

Kasoro zipo. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya 20W-50 ya kawaida, na injini hii inameza lita 4 na ushee, kwa hiyo kopo la lita 4 peke yake halitoshi. Pia, wiki chache baada ya kuanza kuitumia, jasho la oili lilijitokeza kwenye gasketi za kava za valvu, na ilibidi zibadilishwe. Fundi alidai kuwa oili ndiyo iliyozitoboa. Maoni yangu ni kwamba gasketi zilikuwa zimeshakauka kwa uzee na uchafu wa zamani ndio uliokuwa umeziba nyufa, mpaka oili yenye visafishio vizuri ilipouondoa. Mwenye gari lililochoka, ambalo ringi zake zimekwisha na moshi wa bluu unafuka, asitegemee kwamba 5W-40 italiponya. Huyo 20W-50 inaweza kumfaa wakati akitafuta fedha za kufungua injini.

Kero kubwa kuliko bei ni oili za bandia. Duka moja, ambalo sitalitaja, liliniuzia kopo ambalo kifuniko chake kilifunguka bila ile pete ya plastiki kukatika, na oili ndani ilikuwa na harufu ya dizeli. Nililirudisha na kurejeshewa fedha baada ya mabishano marefu. Tangu hapo nanunua kwenye kituo cha mafuta cha kampuni yenye jina kwenye kopo, naangalia namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, na nikimaliza kumimina nalitoboa kopo kwa msumari, kwa sababu makopo matupu yaliyo mazima ndiyo yanayonunuliwa na kujazwa upya. Fundi wangu hucheka kila anaponiona nikifanya hivyo, lakini siku hizi na yeye ameanza kuyatoboa ya wateja wengine.

Shemeji yangu ana Hilux ya dizeli yenye turbo, na aliniuliza kama anunue oili hii. Nilimwambia asome herufi C badala ya S: kwa injini ya dizeli ya umri ule, 15W-40 yenye kiwango cha CI-4, ambayo wenye malori wa njia ya Tunduma huinunua kwa ndoo, inamtosha na inapatikana kila mahali. Oili hiyohiyo nimewahi kuiongeza kidogo kwenye Forester nikiwa Makambako usiku, kijiti kikionyesha kuwa oili iko chini ya alama na hakuna kingine dukani. Wapo watakaoshtuka, lakini kuchanganya nusu lita ni hatari ndogo sana kuliko kuteremka Kitonga na kuendelea hadi joto la Ruaha Mbuyuni ukiwa na upungufu wa lita nzima.

Ninabadilisha oili na filta kila kilomita 5,000, kama kibandiko cha Kijapani kilivyoagiza, ingawa muuzaji aliniambia sintetiki hufika 10,000 bila tatizo. Huenda ikafika kwenye gari lisilo na turbo linalokwenda safari ndefu za mwendo mmoja. La kwangu lina safari fupi nyingi za mjini asubuhi za baridi, ambazo huacha petroli na unyevu ndani ya oili, kisha linapewa mlima. Nikifika juu ya mlima au nyumbani baada ya mwendo mkali, naiacha injini iungurume dakika moja au mbili bila kukanyaga mafuta ndipo nizime, na kilomita ya mwisho naendesha taratibu. Na kwa kuwa sijawahi kuikuta 5W-40 ya A3/B4 Tukuyu wala Kyela, ambako rafu hujaa 20W-50 na SAE 40 isiyo na namba ya baridi, lita moja ya akiba hukaa nyuma ya kiti cha abiria wakati wote, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko ili isiharibu mchele.