Ruger Super Redhawk .44 Magnum kwa mtu wa Liwale: kabla hujatoa hela

Jibu litangulie, maelezo yafuate. Kama una shamba la korosho au ufuta kule Liwale, Nachingwea au Nanyumbu, na bastola hii unaitaka kwa sababu ya simba, tembo na nguruwe pori, usiinunue. Omba kibali cha shotgani. Kama kazi yako ni kuongoza wawindaji au kumfuata mnyama aliyejeruhiwa vichakani, bunduki kubwa tayari unayo, na unatafuta kitu cha kukaa mwilini pale bunduki inapokuwa mbali na mkono, hapo kuna mazungumzo.

Tunayoizungumzia ni rivolva ya Kimarekani iliyoingia sokoni mwaka 1987, ya stenlesi, mtutu wa inchi 7.5, yaani sentimita 19. Inabeba risasi sita. Ikiwa tupu ina kilo 1.5, ukiijaza unaongeza gramu 150 hivi, na urefu wake wote ni sentimita 33. Mtutu wa inchi 9.5 nao upo, ila huo ni wa kupachikia darubini na kupigia shabaha kwa utulivu. Porini unakuwa mzigo. Anayetaka kujua kilo 1.65 ina maana gani afunge sukari ya uzito huo kwenye mkanda, atembee nayo kutwa kwenye mchanga wa bonde la Mbwemkuru, kisha arudi tuongee.

Kinachowapoteza wengi ni namba. Wanasikia .44, wanasikia .375 ya bunduki kubwa ya kuwindia, wanahitimisha kwamba .44 ni kubwa. Kwa upana ni kweli: kichwa cha .44 Magnum kina milimita 10.9, cha .375 H&H kina milimita 9.5. Lakini kaliba inakueleza upana wa tundu tu; haikwambii nyuma yake kuna baruti kiasi gani. Kichwa cha kawaida cha .44 Magnum kina gramu 15.5 na kinatoka kwa mwendo wa mita 410 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni jouli 1,300. Kile cha .375, kaliba iliyopo tangu 1912 na ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa nchini Tanzania kwa kuwinda wanyama hatari, kina gramu 19.4 na kinakwenda mita 770 kwa sekunde: jouli zaidi ya 5,700. Hiyo ni zaidi ya mara nne. Hata shotgani ya kawaida ya geji 12, ukiipa risasi ya kipande kimoja ya gramu 28, inafika karibu jouli 3,000. Kwa hiyo bastola yenye jina la kutisha inazidiwa mara mbili na silaha ambayo mlinzi wa ghala anaiegemea ukutani.

Sasa tuwachukue wanyama wenyewe. Tembo tumtoe kabisa kwenye hesabu. Fuvu lake ni nene, na mfupa wake wa mbele umejaa vyumba vya hewa kama sega la nyuki. Ubongo umejificha nyuma ya hayo yote. Kichwa laini cha bastola kinabonyea na kuishia humo, na wewe unabaki umesimama mbele ya tembo aliyejeruhiwa. Tembo wa shambani anashughulikiwa kwa mabomu baridi ya kutishia, uzio wa pilipili, makelele, tochi kali na simu kwa askari wa TAWA (mamlaka ya wanyamapori) au wa kijiji.

Simba ni habari nyingine. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Watu wengi walikutwa mashambani, wakilala kwenye vibanda na madungu wakati wa mavuno ili kuwafukuza nguruwe pori. Je, .44 Magnum inaua simba? Inaua. Swali ni nani ataipiga, na katika hali gani. Simba akianzia mita 30 una sekunde mbili au tatu. Ni usiku, mkono mmoja umeshika tochi. Trigi, ukiivuta bila kurudisha nyundo kwanza, inataka nguvu ya kilo tano hivi. Ukipiga, mwanga wa mdomo wa mtutu unakupofusha na mlio unakuziba masikio. Mlio huo unavuka desibeli 160, wakati 140 tu zinatosha kuharibu usikivu moja kwa moja. Bastola inapiga teke, mdomo unaangalia juu, na kwa mtu asiye na mazoezi risasi ya pili inakwenda kwenye nyota. Shotgani ina kitako cha kukaa begani, kwa hiyo hata mwenye hofu anaweza kuielekeza. Na nguruwe pori, ambaye ndiye chanzo cha watu kulala shambani, anamalizwa na risasi ya SG (ya vipande vikubwa vingi) ya shotgani kwa umbali wa mita 25 bila mbwembwe.

Hayo yakiwa wazi, chombo chenyewe kiheshimiwe, maana kimetengenezwa vizuri. Fremu ni kipande kizima, haina bamba la pembeni lenye skrubu za kulegea. Silinda, ile ngoma inayozunguka na risasi, inashikwa sehemu tatu, mbele ikiwemo, kwa hiyo inavumilia risasi nzito kuliko rivolva nyingi za kaliba hii. Springi zake ni za kuzungushwa, si za bapa, nazo hazivunjiki ovyo. Nyundo haiwezi kufikia kipini cha kupigia fataki (kile kidonge cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi) mpaka trigi ivutwe hadi mwisho, kwa sababu kuna kipande cha chuma kinachopanda katikati yao. Ukiiangusha kwenye mawe haitajifyatua. Unaweza pia kufanya mazoezi ya kuvuta trigi ikiwa tupu bila kuiharibu, jambo la maana sana pale risasi zinapopatikana kwa taabu.

Kuifungua kwa usafi mkubwa hakuhitaji fundi. Hakikisha silinda ni tupu, angalia mara mbili. Fungua skrubu moja ya mpini, toa mpini. Rudisha nyundo nyuma, pitisha kipini chembamba kwenye tundu la kijiti cha springi kuu, kisha achia nyundo taratibu. Springi inabaki imefungwa na inatoka na kijiti chake. Toa pini ya nyundo, toa nyundo. Bonyeza kitufe kidogo nyuma ya kinga ya trigi, vuta kinga chini pamoja na trigi yake. Hapo silinda na mkono unaoibeba vinachomoka kwa mbele. Kuirudisha ni kinyume chake. Inayokataa kuingia usiigonge.

Anayenunua iliyotumika ndiye anayepaswa kukazana hapa. Chukua tochi, fila geji ya fundi magari (vibamba vya kupimia mianya) na kipande cha karatasi nyeupe. Rudisha nyundo polepole huku kidole gumba cha mkono mwingine kikiizuia silinda kidogo tu. Silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijanasa, au kwa pamoja nayo. Rudia kwa vyumba vyote sita. Ikichelewa hata kwenye kimoja, chumba hakitatazamana sawasawa na mtutu, na risasi itanyolewa pembeni na kurusha vipande vya risasi kwa waliosimama kando. Kisha pima mwanya kati ya silinda na mtutu. Milimita 0.15 ni safi, mpaka 0.25 inavumilika, ikivuka 0.3 achana nayo. Pima ukiwa umeisukuma silinda mbele, pima tena ukiwa umeivuta nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo uchakavu, na ikizidi milimita 0.05 ujue imelishwa risasi nzito kwa muda mrefu.

Mulika mdomo wa nyuma wa mtutu, pale risasi inapoingia ikitoka kwenye silinda. Tafuta ufa, hata mwembamba kama unywele, na kingo zilizolika. Weka karatasi nyuma, angalia kwa mbele: duara la kivuli katikati ya mtutu maana yake uliwahi kuvimba, yaani kuna siku risasi ilikwama ndani na nyingine ikafuata. Mwisho, ikiwa tupu, rudisha nyundo mpaka inase, halafu isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa trigi. Ikidondoka, mtu ameinoa ndani ili trigi iwe laini, na silaha hiyo ni hatari kwa mwenye nyumba kuliko kwa simba. Muuzaji akikukatalia majaribio haya, mshukuru, umeokoa pesa.

Matatizo ya matumizi yanajirudia. La kwanza ni silinda kugoma kuzunguka. Fungua uangalie chini ya nyota ya kutolea maganda; punje chache za baruti isiyoungua zinatosha kuifunga. Piga brashi huku mtutu ukiangalia juu ili uchafu udondoke. La pili, risasi nzito zilizobanwa vibaya kiwandani: teke la kila mlio linavuta vichwa vya risasi zilizobaki, kimoja kinachomoza mbele ya silinda na kila kitu kinakwama. Piga tano, toa ya sita, ilinganishe urefu na mpya kutoka kwenye boksi. La tatu linawapata wanaofanya mazoezi kwa .44 Special, na ni wazo zuri kuanza nayo kwa sababu mwendo wake ni zaidi kidogo ya nusu na teke lake ni la kirafiki. Ganda lake ni fupi kwa milimita 3, kwa hiyo linaacha pete ya masizi ndani ya chumba. Usipoisugua, maganda ya Magnum yatakwamia hapo. La nne: ukisikia mlio wa kufa, “pufu” badala ya kishindo, simama. Kuna kichwa ndani ya mtutu. Na vidole visipite mbele ya silinda hata siku moja, maana gesi inayotoka kwenye ule mwanya inachana nyama.

Pwani yetu ina mambo yake. Stenlesi haimaanishi haishiki kutu. Pini na springi zinashika, na chumvi ya Mikindani au Kilwa haina subira. Ikirushiwa maji ya bahari, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ikaushe, ipake mafuta mepesi ya silaha, halafu yafute yabaki kama ukungu. Mafuta ya nazi yanaganda na kunata. Mafuta ya kupenyeza, yale ya kulegezea nati, yasikaribie risasi, kwani yanapita pembeni ya fataki na kuiua. Na hili la wakulima wa korosho: risasi zisikae stoo moja na salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa inasawijisha shaba, na mwezi Juni hadi Agosti vumbi lake linaingia mpaka kwenye sanduku la nguo.

Risasi ndizo zinazopaswa kuamua. Kabla ya bei ya bastola, uliza muuzaji mwenye leseni: .44 Magnum zipo leo, kwa mkono, au “zinakuja”? Risasi za geji 12 kila muuzaji anazijua. Silaha hii inataka walau risasi 50 kwa mwezi ili mkono usisahau, na kama huzipati, umenunua pambo la kilo moja na nusu. Marekani kwenyewe ikiwa mpya inavuka dola 1,000. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

Makaratasi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapanda hadi polisi, chini ya Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usitoe hata kishika uchumba kabla ya kibali, na uhamisho kutoka kwa mtu binafsi upitie polisi vilevile. Cha ng'ambo ya Ruvuma kisicho na karatasi usikiguse. Tangu vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, zianze mwaka 2017, hakuna anayetania na silaha mpakani.

Wenzake wa kundi moja? Smith & Wesson 629 ya mtutu mfupi ni nyepesi na inabebeka vizuri zaidi, ila teke lake linauma na inachakaa mapema kwa risasi nzito. Smith & Wesson 500, ya mwaka 2003, ina risasi tano na ile ndefu inafika kilo mbili; kwa uzito huo beba bunduki. Super Redhawk Alaskan ya inchi 2.5 inakaa kiunoni bila kugombana na kiti cha gari, lakini mtutu mfupi unapunguza mwendo wa risasi na kuongeza moto usoni.

Ukiamua kuichukua ya inchi 7.5, tenga hela ya ala ya kifuani. Kiunoni itakugonga goti kwenye bodaboda na kunasa kwenye mlango wa Land Cruiser. Ala iwe ya nailoni ngumu, au ya ngozi ambayo unaitoa bastola kila jioni, na risasi za akiba zisilale kwenye vishikio vya ngozi: dawa za kulainishia ngozi zinaotesha ukungu wa kijani kwenye maganda, na ganda lenye ukungu huo linaweza kung'ang'ania ndani ya chumba.