Kokoto kwenye njia za bustani, uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua

Mi kilichonisukuma ni tope. Mvua ikidondoka kidogo tu, ukienda kuchuma mboga unarudi viatu vizito kama umevaa matofali, afu lote linaishia sebuleni. Saruji nilipiga hesabu nikaghairi, nikaona kokoto ndo saizi yangu.

Mara ya kwanza nilichemka. Nilichukua vile vijiwe vya mtoni, vya mviringo, kisa vinapendeza. Jamani havishikani vile! Mguu unazama, na ukipita na toroli la samadi ndo kabisa, gurudumu linajichimbia na wewe unasukuma utadhani gari bovu. Nikavizoa vyote nikavimwaga kuzunguka vyungu vya maua, angalau pale vina kazi. Safari ya pili nikachukua kokoto za mashine, zile zenye kona kona, kama milimita 10 hivi na vumbi lake humohumo, hizo kadiri zinavyokanyagwa ndo zinavyozidi kung'ang'aniana. Ila usipite peku, utalia.

Njia yangu yote ni mita 12, upana sentimita 60, nikaweka unene wa sentimita 5, kwa hiyo 12 mara 0.6 mara 0.05 unapata 0.36 ya mita ya ujazo, nusu tani na kidogo. Piga hesabu yako kabla hujaagiza maana kinachobaki kitakukalia uani mpaka uchoke kukiona.

Kazi yenyewe sasa, kumwaga kokoto ni dakika chache tu, shughuli iko kwenye kuchimba na kushindilia. Nilishusha udongo sentimita 8 (ule wa juu nikauhamishia kwenye matuta, ni mali ule), nikashindilia kwa kipande cha gogo nilichokipigilia mpini mpaka mabega yakakataa, na kuna kona moja niliivivia nikajisemea itajishindilia yenyewe, kumbe ndo hiyohiyo imetitia na kila mvua inatuama maji.

Chini nilitandika kitambaa kinachopitisha maji, kikaisha kabla sijamaliza nikamalizia na nailoni, kosa lingine hilo, maji hayana pa kwenda kokoto zinaelea kwenye uji. Na usidhani magugu yanaisha, mbegu zinaangukia juu na kuota kwenye vumbi na majani yaliyooza, ila mizizi haijaenda mbali, unayang'oa kwa vidole viwili.

Pembeni weka kingo. Mi nimesimamisha matofali ya zamani yakatokeza sentimita 3 juu ya kokoto, kabla ya hapo kila nikipalilia jembe linagonga jiwe ndani ya tuta kwaa!

Mwaka huu nimeongeza toroli mbili tu na kupitisha reki. Ile kona nitaifumua kiangazi, safari hii bila uvivu.