Buldogi yupi anafaa kumkamata nguruwe mwitu? Tathmini kwa mnunuzi wa kusini mwa Marekani

Mtu anayetafuta mbwa wa kukamata nguruwe mwitu katika majimbo ya kusini mwa Marekani hukutana na wauzaji ambao kila mmoja huapa kwamba mbegu yake ndiyo pekee iliyoumbwa kwa kazi hiyo, na kwa kuwa picha za matangazo yao karibu zote huonyesha vichwa vikubwa na vifua vipana, mnunuzi asiye na uzoefu huishia kununua kichwa na kifua. Rai yangu naiweka mbele ili msomaji asihangaike kuitafuta: katika mbwa wa ukoo wa buldogi, pumzi ina thamani kuliko uzito, na jina la mbegu lililoandikwa kwenye cheti si kitu mbele ya kazi ambayo baba na mama wa mbwa huyo wameonekana wakiifanya.

Kazi yenyewe ina mgawanyo ambao matangazo huupita kimya. Mbwa wasakaji, mara nyingi wa mbegu ya Catahoula au Black Mouth Cur, na katika milima ya North Carolina mbwa wa Plott, hutangulia kunusa, kumkurupusha nguruwe na kumzingira wakibweka bila kumvamia. Muda wote huo mbwa wa kukamata huwa amefungwa kamba, na mwindaji humsogeza hadi karibu kabisa ndipo humwachia. Mbwa hutimka, huuma sikio au shavu la nguruwe, na hung'ang'ania mpaka watu wafike, wamshike mnyama miguu ya nyuma, wamwangushe ubavu, kisha wammalize kwa kisu au wamfunge akiwa hai. Kwa hiyo buldogi hahitaji pua ya kufuatilia nyayo wala miguu ya kukimbia usiku kucha. Anahitaji mbio fupi, taya zisizoachia, moyo usiorudi nyuma mbele ya chonge za dume, na utulivu wa kukaa kando ya mbwa wengine bila kuwashambulia.

Anayekamatwa si mnyama mdogo. Nguruwe wa kwanza walishushwa Florida na msafara wa Mhispania Hernando de Soto mwaka 1539, na mwaka 1912 nguruwe mwitu kutoka Ulaya waliletwa Hooper Bald, North Carolina, kwa ajili ya uwindaji, wakatoroka na kuzaana na wale wa kufugwa waliokwisha kuwa wa porini. Sasa Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kwamba wapo zaidi ya milioni 6, na Texas ndiyo yenye wengi zaidi. Hasara wanayoleta mashambani ndiyo iliyolegeza sheria: tangu Septemba 2019, anayewinda nguruwe hao katika ardhi ya mtu binafsi huko Texas, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, hahitaji leseni ya uwindaji. (Msomaji aliyeko Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, asidhani kwamba mbwa hawa wanaweza kupata kazi hiyo huko.)

Naanza na yule ambaye wengi humfikiria kwanza, yaani Buldogi wa Kimarekani. Mbegu hii ilihifadhiwa katika mashamba ya kusini na wakulima waliohitaji mbwa wa kukamata ng'ombe na nguruwe wakali, na baada ya Vita Kuu ya Pili wafugaji wawili, John D. Johnson wa Georgia na Alan Scott, wakawakusanya waliosalia na kuwaendeleza. Wawili hao hawakukubaliana juu ya umbo, na mgawanyiko wao ndio jambo kubwa kuliko yote ambayo mnunuzi wa mbwa huyu anapaswa kulijua. Mbwa wa Johnson ni mzito, mwenye kichwa kipana na pua fupi. Mbwa wa Scott ni mwepesi, mwenye miguu mirefu na pua ndefu zaidi. UKC, chama cha Marekani cha kusajili mbwa, kilichoitambua mbegu hii mwaka 1999, hupendekeza dume awe na takriban kilo 34 hadi 45 na jike kilo 27 hadi 36, lakini wako wafugaji wanaojivunia madume mazito zaidi ya hapo, na hao ndio ninaowaepuka.

Sababu ni ya kimwili. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo. Joto la mwili wake hulipunguza kwa kuhema mdomo ukiwa wazi. Anapokuwa ameuma sikio la nguruwe mdomo umejaa, hawezi kuhema kama kawaida, na hewa yote inapaswa kupita puani. Wafugaji wa mbwa wenye pua fupi hupenda kudai kwamba pua iliyorudi nyuma ndiyo humwezesha mbwa kupumua huku akiwa ameng'ata, hoja iliyorithiwa tangu zama za kushindanisha mbwa na mafahali kule Uingereza, mchezo uliopigwa marufuku mwaka 1835. Hata tukiikubali hoja hiyo, haimsaidii mnunuzi wa Texas, kwa sababu pua fupi kupita kiasi huja na matundu membamba na kaakaa refu linaloziba njia ya hewa, na usiku wa Agosti huko bado ni wa joto. Mbwa wa Scott mwenye kilo 35 huachiwa, hukamata, hupumzishwa na huweza kukamata tena. Mzito wa kilo 50 akikamata mara moja huenda akahitaji maji na kivuli zaidi kuliko nguruwe aliyemkamata. Jike wa umbo la Scott ndiye chaguo langu la kwanza, maana ni mwepesi kumkwepa dume mwenye chonge, na uzito wake unatosha kumzuia mpaka watu wafike.

Hata hivyo mbegu hii ina magonjwa ya kurithi ambayo muuzaji anapaswa kuyajibia. Kuna ugonjwa wa ngozi unaomfanya mtoto wa mbwa atoke magamba tangu akiwa mdogo, na kuna ule wa mishipa ya fahamu unaompokonya uwezo wa kutembea sawasawa akishakua; vyote viwili vina vipimo vya vinasaba, na muuzaji asiye na majibu ya vipimo hivyo pamoja na picha za eksirei za nyonga za wazazi hastahili bei anayoitaja.

Dogo Argentino ni habari nyingine, kwa kuwa huyu hakuhifadhiwa bali alitungwa. Daktari Antonio Nores Martínez alianza kumtengeneza huko Córdoba, Argentina, mwaka 1928, akichukua mbwa wa mapigano wa mji huo na kumchanganya na mbegu nyingine kadhaa, ili apate mbwa mmoja anayeweza kunusa, kukimbiza na kukamata. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lilimtambua mwaka 1973 na AKC, chama kingine cha Marekani cha kusajili mbwa, mwaka 2020. Katika kukamata sina la kumlaumu: dume wa kilo 40 hadi 45 mwenye mbavu ndefu na pua ya kutosha humudu joto vizuri, na weupe wake humwonyesha gizani, jambo lenye faida kwa mtu anayeingia vichakani na kisu mkononi. Tatizo ni kwamba mnunuzi hulipia uwezo ambao huenda asiutumie. Ikiwa tayari unao Catahoula wa kusaka, pua ya Dogo inabaki bure kwenye kamba. Na ikiwa utamwachia atafute mwenyewe, utakuwa na mbwa anayekamata mbali nawe, akipambana peke yake mpaka umfikie. Kwa mwenye ardhi ya wazi na miguu ya haraka hilo linawezekana, lakini katika vichaka vizito vya kingo za mito ni hatari kwa mbwa. Aidha, mbegu nyeupe huzaa watoto viziwi mara kwa mara, hivyo kipimo cha usikivu ni sharti la kununua.

Pitibuli, binamu wa buldogi mwenye damu ya teria (mbwa wa kuwinda wanyama wa mashimoni), ndiye ninayemwona kuwa na thamani kubwa kwa bei ndogo. Kiwango cha UKC humweka dume kati ya kilo 16 na 27 hivi, na mtu anaweza kucheka akimlinganisha na nguruwe mwenye uzito mara nne ya huo, lakini hakuna katika kundi hili anayemzidi kwa pumzi wala kwa ukaidi wa taya. Mwindaji mwenye pitibuli hulazimika kubeba kijiti cha kupanulia taya, na hulazimika pia kumtenga na mbwa wengine garini, maana baadhi yao huwageukia wenzao msisimko unapopanda. Anayeishi nyumba ya kupanga aulize kwanza, kwani wenye nyumba wengi wa Marekani humkataa mbwa huyu. Na ndugu zetu walioko Uingereza wafahamu kwamba yeye na Dogo wote wawili wamepigwa marufuku huko chini ya sheria ya mwaka 1991. Mchanganyiko wa pitibuli na Buldogi wa Kimarekani, ambao hauna cheti wala heshima ya maonyesho, huonekana sana katika kambi za wawindaji, na ningeununua bila kusita.

Alapaha, buldogi mwingine wa kusini mwa Georgia, ni mbwa mzuri lakini ni wachache mno, na wengi wa wanaouzwa wamelelewa kulinda nyumba, hawajawahi kumwona nguruwe. Olde English Bulldogge, aliyetungwa na David Leavitt kuanzia mwaka 1971, anapumua vizuri kuliko buldogi wa Kiingereza, ila nisingemtegemea mbele ya dume. Buldogi wa Kiingereza mwenyewe, ambaye mara nyingi hata kuzaliwa hulazimika kuzaliwa kwa upasuaji, aachwe barazani.

Yeyote utakayemchagua, bei yake haiishii kwa muuzaji. Fulana ya kitambaa kigumu cha kuzuia chonge na kola pana ya shingo ni lazima, lakini fulana hiyo huongeza joto, kwa hiyo ivalishwe dakika za mwisho na ivuliwe mara tu nguruwe anapodhibitiwa. Usimlishe mbwa nyama mbichi ya nguruwe mwitu, kwa sababu baadhi yao hubeba ugonjwa wa Aujeszky, ambao humuua mbwa haraka na hauna tiba. Na wewe vaa glavu unapochuna, maana bruselosi ya nguruwe humpata binadamu pia. Mimi ningenunua jike aliyekwisha komaa, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu au zaidi, baada ya kumwona kwa macho yangu akiachiwa, akikamata, na akiachia anapotolewa. Muuzaji akikataa kuonyesha hayo matatu, bei ishuke hadi ile ya mbwa wa kufuga nyumbani.