Mradi wa ufundi Gredi ya 8: seti ya dukani au vipuri vya Luthuli?

Mtoto amerudi na kazi: atengeneze gari dogo lenye mota na taa. Mzazi ana njia mbili.

Seti ya dukani huja na kila kitu, hata bisibisi. Inafaa kama kazi inatakiwa kesho. Shida ni kwamba mtoto hufuata picha tu. Mwalimu akimuuliza rezista ni ya nini, anatazama dari.

Vipuri vinadai muda, lakini ndivyo vinavyofundisha. Luthuli Avenue jijini Nairobi unauziwa kimoja kimoja: LED (kitaa kidogo) nyekundu, rezista ya ohm 330 ya kupunguza mkondo wa umeme, nyaya, kishikio cha betri. LED hiyo hutaka takribani volti 2, kwa hiyo ukiiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 9 inaungua. Rezista ikiwepo, mkondo hubaki kama miliampia 21. Isipowaka, igeuze kwanza: mguu mrefu huenda kwenye chanya. (Wewe shika tochi, bisibisi mwachie mwenyewe.)

Mota ndiyo huwasumbua wengi. Betri ya mraba ya volti 9 huishiwa haraka na gari husota. Tumia mbili za AA, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, upate volti 3. Mota ya gari bovu la kuchezea inatosha. Televisheni kuukuu asiifungue kamwe: kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na umeme hata plagi ikichomolewa.

Mkiwa na wiki mbili, nunueni vipuri.