Sanduku la Stax/Volt 1959–1968: diski tisa za soul ya Memphis, na namna ya kuzisikiliza

Kama unachotaka ni nyimbo 20 za soul za kuchangamsha sherehe, The Complete Stax/Volt Singles 1959–1968 si ya kwako. Nyimbo hizo zimo, ila itabidi uzisake kati ya 244 zilizopangwa kufuata wakati zilivyotoka, diski tisa, zaidi ya saa 10 za muziki. Mkusanyiko huu uliotolewa mwaka 1991 na Atlantic, kampuni iliyokuwa ikisambaza santuri za Stax, unamfaa anayetaka kusikia bendi moja ikijifunza kazi yake ndani ya chumba kimoja, mwaka hadi mwaka, pamoja na yale iliyoyaboronga.

Chumba chenyewe kilikuwa ukumbi wa zamani wa sinema, East McLemore Avenue namba 926, Memphis. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, wenye kampuni ya santuri ya Stax na nembo yake ya pili, Volt, walihamia hapo 1960, na sakafu wakaiacha na mteremko wake ule ule wa sinema. Kwa miaka mingi studio ilirekodi kwa mashine ya mono, yaani sauti zote kwenye njia moja: mwimbaji, kinanda, gitaa, besi, ngoma na tarumbeta wanapiga kwa pamoja, mmoja akikosea wote wanaanza upya. Kwa hiyo karibu kila wimbo humu ni wa mono, kama ulivyouzwa kwenye santuri ndogo. Wapo wanaolalamikia jambo hilo. Hawana hoja. Santuri hizi zilitengenezwa zisikike redioni na kwenye masanduku ya muziki ya baa, na ukizisikia katika mono, besi na ngoma zinagonga kwa nguvu moja.

Sasa ukweli mchungu: diski mbili za kwanza hazina uwiano. Sanduku linafunguliwa na Fool in Love ya The Veltones ya 1959, wimbo wa kawaida tu wa vikundi vya sauti vya wakati ule. Baadaye wanakuja Rufus Thomas na binti yake Carla na Cause I Love You, kisha Carla peke yake na Gee Whiz, na The Mar-Keys na Last Night ya 1961. Kati ya hizo kuna nyimbo nyingi za kujaribu bahati, zilizoiga mitindo ya New Orleans na hata ya country. Usiziruke zote. Green Onions ya Booker T. & the MG's, bendi ya studio yenyewe, ya 1962, nayo ilianza kama upande B tu, nyuma ya Behave Yourself, mpaka ma-DJ walipoigeuza santuri. Booker T. Jones alikuwa na umri wa miaka 17.

Rufus Thomas, kwa upande wake, atakuchosha kwa mbwa. The Dog, Walking the Dog, Can Your Monkey Do the Dog, Somebody Stole My Dog: zote za 1963 na 1964. Walking the Dog ni dhahabu. Waliobaki hata wakifungiwa bandani hakuna hasara.

Mambo yanabadilika 1965, na hapo ndipo sanduku linapolipa gharama yake. Sikiliza pigo la pili na la nne la ngoma. Katika Walking the Dog mpiga ngoma Al Jackson analiweka palepale panapotarajiwa. Katika Hold On, I'm Comin' ya Sam & Dave, ya 1966, yeye na gitaa la Steve Cropper wanalichelewesha kidogo mno, kiasi kwamba mwili unalihisi kabla sikio halijalitambua. Mtindo huo ulishika walipomrekodia Wilson Pickett In the Midnight Hour studioni hapo hapo. Wimbo huo usiutafute humu: ulitoka kwa nembo ya Atlantic, na sanduku linafuata nembo, halifuati studio. Aretha Franklin pia hayumo, ingawa Respect imo, ya mwenyewe Otis Redding, ya 1965. Ukisikiliza hiyo ya Otis, kisha ile ambayo Aretha aliirekodi baadaye, utaona alivyouvunja wimbo ule na kuujenga upya.

Kingine cha kusikiliza ni tarumbeta na saksafoni. Mahali ambapo studio za Detroit zingeweka waitikiaji, hapa mara nyingi wanaitikia Wayne Jackson na Andrew Love. Otis aliwaimbia wapulizaji vipande vyao kwa mdomo mpaka wavishike, na Fa-Fa-Fa-Fa-Fa ya 1966 imejengwa juu ya mchezo huo huo. Halafu Try a Little Tenderness ya mwaka huo huo: Al Jackson anaanza kwa kugonga ukingo wa ngoma tu, tik tik tik, na wimbo unapanda hadi unakaribia kupasuka. Ukiwa na muda wa wimbo mmoja tu, uwe huo.

Wanaojua nyimbo kubwa tayari wawatafute wanawake wasiotajwa sana. Your Good Thing (Is About to End) ya Mable John na I'll Run Your Hurt Away ya Ruby Johnson, zote za 1966, hazipungui kitu mbele ya wakubwa wa nyumba hiyo.

Otis alikufa kwenye ajali ya ndege Wisconsin tarehe 10 Desemba 1967, na (Sittin' On) The Dock of the Bay ikatoka Januari iliyofuata. Sanduku linakoma 1968, na sababu ni ya kisheria. Atlantic iliponunuliwa na Warner, Stax waligundua kwamba mkataba waliotia saini uliipa Atlantic umiliki wa kanda zote ilizosambaza. Wakaondoka mikono mitupu.

Kuhusu kusikiliza: diski moja kwa siku inatosha. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, maana mpangilio wa miaka ndio nusu ya utamu. Spika ya simu inaimeza besi ya Duck Dunn, kwa hiyo tumia visikizi au spika yenye tumbo la kutosha, na usiongeze besi kwa mashine. Rekodi za 1962 zitaanza kuvuma ovyo. Ukinakili diski kwenye kompyuta kwa MP3 ya kilobiti 320, tenga takribani GB 1.5.

Ukinunua sanduku lililotumika, hesabu diski zote tisa, zimulike kwa taa upande wa chini, na uhakikishe kijitabu kipo. Maandishi ya Rob Bowman ndani yake ni sababu tosha ya kutotegemea mtandao peke yake. Jihadhari pia na mikusanyiko ya bei ya chee yenye majina haya haya: Sam & Dave walizirekodi upya nyimbo zao miaka ya baadaye. Ukisikia stirio safi mno na ngoma zenye mwangwi wa miaka ya 80, umeuziwa hizo. Halisi zina jina la Atlantic au Rhino kwenye maandishi madogo ya nyuma.

Anayemtaka Isaac Hayes mwimbaji, au The Staple Singers na I'll Take You There, aende juzuu ya pili (1968–1971) na ya tatu (1972–1975). Humu Hayes yumo kama mtunzi, bega kwa bega na David Porter, na nyimbo bora za Sam & Dave ni kazi ya mikono yao.