TAHADHARI: anayeuza tairi za pikipiki kubwa na grisi ya shafti, msimpe hela yenu

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Kuna jamaa anazunguka hapa Dar anauza tairi za pikipiki kubwa pamoja na ile grisi nzito ya molibdenamu (moli) ya kupaka meno ya shafti, yani kile chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, anakutafuta yeye mwenyewe, anaongea kitaalamu kuliko fundi yeyote niliyewahi kukutana nae. Ni tapeli. Mimi kanila laki nne na elfu ishirini na tano, na nusura aniulie mke wangu mama Nasri barabarani.

Siku tisa nimekaa kimya kwa aibu. Mnaonijua mnajua ni mimi ndo huwa nawapigia kelele msipeleke ringi ya aluminiamu kwa fundi pancha akaitwange na nyundo, badilisheni wenyewe nyumbani, nunueni vyuma vya kubandulia tairi, na wengine nimekuja mpaka kwenu kuwaonyesha. Sasa mimi ndo nimepigwa, tena kwenye kitu ninachokijua. Mke wangu ndo kaniambia andika, kama huandiki kesho atapigwa mwenzako alafu ukae na hiyo dhambi.

Ilikuwa hivi. Ile Deauville yangu, Honda ya shafti, tairi la nyuma lilikuwa limebaki kidogo liwe kipara na safari ya Iringa mnajua ilivyokuwa imepangwa. Saizi yake 150/70-17 hapa mjini sio ya kuokota, boda zote zinatembea na tairi nyembamba, ya kwangu mpaka uagize au usubiri mtu aje nayo. Nikauliza uliza kwa watu, kesho yake akanipigia mtu, namba ngeni, sauti ya upole kabisa. Salamu ndefu, kisha swali lake la kwanza wala halikuwa la tairi, akaniuliza "kaka mkubwa, meno ya habu ya nyuma uliyapaka lini mara ya mwisho?" Habu ni kile kitovu cha gurudumu ambapo shafti inashika.

Wakuu, tangu nimeingiza ile pikipiki nchini hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Hapa pikipiki karibu zote ni za cheni, ukitaja shafti mtu anawaza Fuso. Huyu akanieleza taratibu kwamba kila ukivua gurudumu la nyuma kubadilisha tairi usirudishe hivi hivi, futa uchafu wa zamani wote, kagua meno kama yameanza kuchongoka, angalia ile oringi (pete ya mpira ya kuzuia uchafu), paka upya, mana yakikauka yanasagana mpaka yanatoa unga mwekundu kama kutu, na siku yakiisha gia inaingia injini inavuma gurudumu halisogei. Yote aliyosema ni KWELI! Hapo ndo ubaya ulipo, hakunidanganya hata neno moja kwenye ufundi. Mtu anayejua kitu hicho utamdhania tapeli vipi? Nilijisikia kama nimempata ndugu. Kikopo changu cha moli ya Honda alichoniletea shemeji kilikuwa kimebaki cha kukwangua kwa kijiti, nikamwambia basi lete na hiyo grisi kabisa.

Tukakutana kituo cha mafuta Tabata, alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia. Kaja na bodaboda, tairi kalizungushia nailoni ile ya kubana, nikamwambia tufungue lote akasema hapana kaka usiliache lishike vumbi na mafuta ya hapa, akachana sehemu moja tu ya ubavuni, kama kiganja. Akawasha tochi ya simu mwenyewe, akaishika mwenyewe, akanionyesha namba nne za mwisho za tarehe ya kutengenezwa, 1424, "wiki ya 14 mwaka 2024, unaona?" Nikaona. Akanishika mkono kabisa akaupeleka kwenye vile vinywele vya mpira vya tairi jipya, nikavigusa. Akanionyesha na lile doa la njano akasema hili weka usawa na valvu. Kila kitu alichonionyesha ni kile ambacho mimi mwenyewe ningekitafuta, yani kama alijua macho yangu yataenda wapi. Grisi kikopo kimeziba na lebo yake. Laki tatu na themanini tairi, arobaini na tano kikopo. Nikamtumia kwa simu, jina likaja la mwanamke, nikauliza, akacheka akasema huyo wifi yako, laini yangu imefika kikomo leo. Nikabonyeza namba ya siri. Kila nikilala naiona ile dakika, kidole changu kinabonyeza.

Jumamosi asubuhi nimeanza kazi. Gurudumu nje, meno nimesafisha na mswaki na mafuta ya taa mpaka yanang'aa, nikapaka ile grisi. Nilipoipaka roho ilinigusa kidogo mana ilikuwa laini sana, ila nikasema labda joto. Tairi la zamani likatoka, jipya nikalipaka maji ya sabuni, nikaanza kulipenyeza, na hapo kidole gumba kikatoka na njano. Doa lilikuwa linafutika! Nikajiambia rangi zingine ziko hivyo, nikaendelea, niseme nini, nilishatoa hela moyo haukutaka kukubali. Nikajaza upepo, mdomo wa tairi ukakaa kwenye ringi paa, paa, vizuri tu.

Nikaingiza ekseli nikaweka gurudumu juu ya stendi zangu mbili nibalansi. Kwa wasiojua, unaliacha lizunguke lenyewe, upande mzito unashuka chini, unabandika vipande vya risasi upande wa juu mpaka ukiliacha popote linatulia. Tairi lililotoka lilikuwa na gramu 25. Hili nikabandika 20, likashuka. 40, likashuka. 60. Nimefika gramu 95 na bado linashuka palepale, na palepale ni usawa wa valvu, wakati doa la njano maana yake tairi ni jepesi hapo. Nikakaa chini kwenye sakafu. Mama Nasri akaniuliza vipi, sikumjibu.

Nikalitoa tena. Ndani nikapitisha mkono nikakuta kiraka kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, kimepakwa rangi nyeusi juu, na pembeni yake nyuzi za tairi zimeanza kuonekana. Nikalitoa juani. Ile mistari ya juu imechongwa na kisu cha moto! Zile alama ndogo zilizoinuka ndani ya mtaro zinazokuonyesha tairi limefikia mwisho hazipo hata moja, zimekatwa pamoja na mpira. Vinywele viko ubavuni tu, katikati hamna. Zile namba nne nikazikwangua na kucha pembeni, kikabanduka kipande cha mpira kimegandishwa na gundi, chini yake pamesagwa. Ung'avu wote ule ni dawa ya dashibodi. Kampuni iliyotengeneza siitaji, wao hawana kosa.

Grisi nikailinganisha na mabaki ya kikopo cha zamani. Moli yenyewe ukisugua kwenye kidole inabaki ya kijivu kama risasi ya penseli, inakaa mpaka kesho. Ya kwake ukifuta na karatasi inatoka yote na ukiinusa ni oili chafu ya injini iliyochanganywa na grisi ya kawaida. Ingerushwa yote kwa joto la safari moja. Saa nzima nimerudia kuosha meno.

Sasa fikirieni, tairi lile, mke wangu nyuma, mabegi mawili, tunashuka mlima Kitonga na malori mbele na nyuma. Huyu sio mwizi wa hela tu, huyu ni muuaji anayelipwa na anayemuua. Mtu wa hivi simu za kuomba msamaha hazitoshi, afungwe, afungwe miaka, na wifi wa kwenye laini afungwe nae mana hela imeingia kwake. Nimeripoti polisi nimepewa RB (namba ya taarifa), na jumatatu nakwenda Tume ya Ushindani mana wao ndo wanashughulika na bidhaa bandia. Nikimpigia haipatikani, nikipiga kwa namba nyingine anapokea, akisikia sauti yangu anakata. Ana moyo gani huyu?

Mkipigiwa na mtu anayejua sana habari za shafti na moli kabla hujamwambia una pikipiki gani, ogopa. Akikataa kufungua nailoni, ondoka. Usinunue tairi gizani, peleka mkono NDANI sio nje tu, tafuta zile alama kwenye mtaro, na doa lifute na kitambaa chenye sabuni palepale mbele yake. Jina la malipo lisipofanana na mtu uliyesimama nae usitume. Kuna mengine nimesahau, kichwa kimejaa.

Ni mrefu mwembamba, mweusi wa kawaida, anaita kila mtu "kaka mkubwa", mkono wa kulia ana saa kubwa ya chuma. Aliyeuziwa na mtu wa namna hii aniandikie pembeni anitumie RB yake, tukiwa watatu wanne kesi inakuwa na uzito. Tairi liko hapa stoo na kikopo kipo, nimepiga picha zote na lile kipande chenye 1424 nimelihifadhi kwenye bahasha. Safari ya Iringa nendeni, mimi sina tairi.