Wiki sita nikirudi nyuma: uzoefu wangu na programu ya kusafiri katika wakati

Nianze na la kuudhi tulimalize. Ukivaa miwani hii mara ya kwanza utatapika, au utakaribia. Mimi nilikaa sakafuni robo saa nzima nimeshika mguu wa meza, nikingoja chumba kiache kuzunguka. Siku ya tatu mwili ukazoea.

Programu yenyewe siitaji jina, kwa kuwa nimewaandikia wenyewe malalamiko na bado nasubiri jibu. Ni hizi za uhalisia pepe: unavaa miwani inayofunika macho yote, unashika vidhibiti viwili, unachagua tarehe, mara umesimama pale pale palipotokea jambo. Huwezi kumgusa mtu wala kubadili lolote. Wewe ni jicho na sikio tu. Tangu utotoni nimekuwa nikiulizana na wenzangu lile swali la "ungepewa nafasi moja ya kurudi nyuma ungekwenda wapi", kwa hiyo nilinunua bila kujishauri mara mbili.

Nilikimbilia Mwezini, kama nadhani kila mtu anavyofanya. Tarehe 20 Julai 1969, wanaanga wa Marekani Armstrong na Aldrin wanashuka. Kompyuta inatoa kengele ya hitilafu, namba 1202, mahali walipokuwa wakielekea pamejaa mawe, Armstrong anachukua usukani mwenyewe, na mafuta ya kutua yamebaki ya chini ya dakika moja. Hapo jasho lenyewe lingetosha. Wao wametia muziki! Vinanda na matarumbeta, sauti imepandishwa mpaka humsikii Aldrin akisoma namba za kimo na kasi, na namba zile ndizo tukio lenyewe. Halafu kuna maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kazi ya mashine isiyojua kuwa Eagle, yaani tai kwa Kiingereza, lilikuwa jina la chombo chao. Mtoto wa dada yangu alikuwa akifuatilia kwenye televisheni kile ninachokiona mimi, yakatokea maneno "Tai ametua". Akaniuliza, "Mjomba, mbona huyo tai mwenyewe simwoni?"

Hata hivyo, humo humo wameficha kitu ambacho wengi watakipita. Ukifungua orodha ya mahali pa kukaa, mwishoni kabisa kuna kiti cha Michael Collins, yule aliyebaki akizunguka Mwezi peke yake wenzake wakiwa chini. Kila chombo chake kilipopita nyuma ya Mwezi, redio ilikatika kwa dakika 48 hivi. Hapo hakuna muziki. Inabaki mivumo ya mitambo na dirisha jeusi, na dakika 48 ni 48 kweli, hazikufupishwa. Kufikia dakika ya 20 nilikuwa nimeshaanza kusoma maandishi ya kwenye swichi moja moja. Redio iliporudi na mikwaruzo yake nilishtukia nimeinua mkono kana kwamba ni mimi ninayeitwa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikipima kila tukio kwa jambo moja: je, wamenipa ile saa ya kabla, wakati hakuna aliyejua litatokea nini?

Berlin imeanguka vibaya. Unawekwa kwenye kivuko cha mpakani cha Bornholmer Straße, penye Ukuta uliotenga Berlin Mashariki na Magharibi, usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, saa tano na nusu. Kizuizi kinainuliwa, watu wanapita wakilia na kukumbatiana, pumzi zao zinaonekana kwenye baridi. Kazi ya mikono imefanyika, sikatai. Lakini nilichokitaka kilitokea mapema jioni ile, mbele ya waandishi wa habari. Günter Schabowski wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki anaulizwa ruhusa mpya ya kusafiri itaanza lini, anapekua karatasi zake, kisha anajibu kwamba kwa anavyofahamu yeye, inaanza mara moja. Ilikusudiwa ianze kesho yake, tena kwa utaratibu. Ukuta uliosimama miaka 28 ukaponzwa na karatasi ambayo msomaji wake hakuwa ameipitia vizuri. Kisha kuna Harald Jäger, afisa wa zamu pale kivukoni, anawapigia simu wakubwa zake asipate jibu la maana huku umati unaongezeka mbele ya lango. Simu hizo hazimo. Kuletwa saa tano na nusu ni kufika shughulini wakati mikeka inakunjwa.

Gereza la Victor Verster, Afrika Kusini, tarehe 11 Februari 1990, wameliweza. Mandela alitarajiwa kutoka saa tisa alasiri. Akatoka saa kumi na kitu, na programu inakuacha usimame kwenye jua saa nzima na zaidi, kati ya wapiga picha wanaobadilisha miguu. Nilivua miwani nikanywe maji, nikarudi mbio nikidhani nimekosa. Sikukosa. Alikuwa amefungwa miaka 27, hiyo saa moja ilinichosha mimi kuliko yeye. Jioni, Cape Town, mbele ya umati, anatoa hotuba mfukoni na kugundua miwani yake ya kusomea ameiacha gerezani, anaazima ya mkewe, Winnie. Wameionyesha kama ilivyo, miwani ya mtu mwingine usoni pake, bila kuitolea maelezo yoyote.

Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, nitapita haraka. Wameandika tarehe 24 Agosti mwaka 79 kwa wino mzito kama vile hakuna mjadala, na mjadala upo: mwaka 2018 yalipatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na wataalamu bado wanavutana. Sentensi moja ya tahadhari ingetosha. Isitoshe wanakuweka mjini, kati ya watu wanaokufa, unazunguka nao kama mtalii. Nilivua baada ya dakika tano. Wangeniweka Misenum, ng'ambo ya ghuba, alikokuwa Plinio Mdogo, kijana wa miaka 17, aliyeliona lile wingu limepanda na kutanuka juu kama msonobari, na mjomba wake akaondoka na merikebu kwenda kulitazama na kuokoa watu, asirudi. Kutoka pale usingejua ni nini. Ungebaki na wingu na mjomba aliyechelewa.

Sasa Laetoli. Kwa hili peke yake ningewasamehe mengi.

Ni kaskazini mwa Tanzania ya leo, miaka milioni 3.6 iliyopita. Hakuna jina, hakuna hotuba, hakuna anayejua kwamba historia imo njiani. Majivu ya volkano yametanda kama unga, mvua nyepesi inapita. Unasikia matone kabla hujaona chochote, na kila tone linaacha kitobo kwenye majivu. Ukichuchumaa unaviona kimoja kimoja. Wamevitia hivyo kwa sababu vitobo vya mvua vipo kweli kwenye mwamba, nyayo za wanyama pia. Kisha wanapita wale wenyewe, kwa miguu miwili. Programu imewaonyesha kwa nyuma tu, na naipongeza, maana nyuso zao hakuna aliyeziona. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo pembeni yake, na wa tatu anayekanyaga mle mle alimokanyaga mkubwa. Kisigino kinazama kwanza, halafu kidole gumba kinasukuma. Majivu yale yalikuja kukauka yakawa kama saruji, mengine yakayafunika, na njia ile ya mita 27 hivi ikalala hapo hadi kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey kilipoifikia mwaka 1978. Miaka miwili kabla yake watafiti walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo, mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa, akajikuta uso kwa uso na alama za wanyama kwenye mwamba. Tukio hilo nalo nimeomba waliongeze. Sitanii.

Kuna mahali Mary Leakey alisoma kwenye nyayo kwamba mmoja wao alisita, akageuka kidogo kushoto, kisha akaendelea. Programu imeufuata usomaji wake. Yule mdogo anasimama, kichwa kinageuka upande uliposimama wewe, halafu mvua inazidi na wanapotea. Nilikaa na miwani usoni mpaka betri ikakata.

Ndiyo, betri: saa mbili, si zaidi. Miwani ni nzito mbele na inaacha alama kwenye paji la uso. Mvaa miwani ya kawaida, kama mimi, itabidi ujibane. Bora uagize lenzi zake mapema. Vidhibiti havina tatizo. Watoto wadogo msiwavalishe, wawekeeni kwenye televisheni. Nyota nimewapa tatu na nusu. Wakiutoa ule muziki wa Mwezini nitawapa nne.

Ninakorudi kila siku, hata hivyo, si Laetoli. Ni Kill Devil Hills, North Carolina, Marekani, ndege ya kwanza yenye injini iliporuka, tarehe 17 Desemba 1903, saa nne na dakika 35 asubuhi. Baridi kali, madimbwi yameganda, upepo unakupiga masikioni. Mbali na ndugu wawili wa Wright wapo watu watano tu. Orville amelala kifudifudi juu ya bawa la chini, Wilbur atakimbia pembeni. Ndege inaacha reli, inakaa hewani sekunde 12, mita 37 hivi, inatua. Basi. Usipoambiwa ungedhani wameshindwa.

Mimi simtazami Orville. Namtazama John T. Daniels wa kituo cha uokoaji baharini. Orville alikwisha kuitega kamera kwenye miguu yake mitatu, akampa Daniels kile kipira cha kubonyeza. Daniels hakuwahi kupiga picha maishani. Picha ilitoka, ndiyo ile tunayoijua sote, lakini baadaye mwenyewe hakuweza kukumbuka kama alibonyeza. Nami nataka kuona anavyobonyeza. Programu ina mstari usioonekana, ukiuvuka unarudishwa nyuma, na kamera inauziba mkono wake. Nimejaribu kulia, kushoto, nimechuchumaa. Jana usiku nikajaribu kulala chini kabisa, shavu mchangani, na kwa mara ya kwanza nikaiona ngumi yake chini ya kitambaa cha koti. Ndege ikainuka. Mdomo wake ukaachama, macho yakaifuata, ngumi ikakaza. Au koti lilipeperushwa na upepo, sina hakika. Leo nalala upande wa pili.